Skolastika Mhesabu Pumzi

Ukifika kijijini kwetu Nombure ukaulizia nyumba ya Skolastika, watakuuliza kwanza, "Yule wa kuhesabu?" Skolastika mwingine hatuna, lakini watu wa huku milimani hawamwonyeshi mtu njia bila kumchelewesha kidogo. Wewe sema ndiyo, yule wa kuhesabu.

Anahesabu kila kitu, mwanamke huyu. Anahesabu ngazi za udongo za kushukia mtoni. Anahesabu viazi vitamu kwenye sahani yako, na akikaa karibu na mwanamume mwenye kitambi atamuuliza mimba ina miezi mingapi. Mkononi anavaa saa ya kiume iliyokatika mkanda, kaifunga kwa uzi. Akianza kumhesabia mtoto pumzi, mumewe Kaupa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha kwenye karata, ananyamaza. Maana ukimsemesha akiwa katikati, anaanza upya.

Mimi ni jirani yake. Wananiita Mama Bomai, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Kati ya shamba langu na lake kuna mfereji na ua wa fito, na kuna nguruwe wake mwenye sikio lililochanika ambaye ua huo hajawahi kuuheshimu hata siku moja. Mara mbili amenifukulia viazi tuta zima. Kwa hiyo watu walidhani mimi na Skolastika hatupikiki chungu kimoja kwa sababu ya nguruwe. Niliwaacha wadhani hivyo. Nguruwe ni jambo la kusema mbele za watu.

Sababu yenyewe ilikuwa mama yake, bibi Dilu. Na ilikuwa bilum.

Kwetu mtoto mchanga halazwi kitandani. Analala ndani ya bilum, mfuko wa nyuzi tunaousuka kwa mikono yetu, na mama anauning'iniza kichwani ukalala mgongoni, au kwenye boriti akiwa na kazi. Mama yangu mzazi alinilea na neno moja: bilum yenye mtoto mchanga haichunguliwi na mtu wa nje. Sasa, miaka ishirini na sita iliyopita, Bomai akiwa wa miaka miwili, nilizaa msichana. Alikuwa mtoto mtulivu ajabu. Siku ya nane Dilu akapita, akasimama mlangoni kwangu, akafunua bilum bila hodi, akamtazama mwanangu muda mrefu sana. Akafungua mdomo aseme kitu. Nilimtoa mbio. Kesho yake mtoto akafa, hata jina hatujampa.

Basi nikaweka moyoni kwamba ni jicho baya la Dilu lililomuua. Sikumshitaki kwa mtu, ila salamu nikamnyima, na binti yake nikamnyima pia. Nikapita njia ya juu ili nisipite mlangoni kwao. Mimi nikinuna nanuna kweli, hilo kijiji kizima kinajua.

Skolastika wakati huo alikuwa msichana wa shule. Aliishia darasa la nane, baba yake alipofariki, akabaki kulima na mama yake na kuuza karanga sokoni. Halafu masista wa misheni wakamchukua kumfundisha kuangalia watoto wachanga, akarudi baada ya miezi kadhaa na sanduku la bati la dawa, kipimajoto, mizani ya kuning'iniza na saa ile. Tangu hapo kila mtoto akizaliwa Nombure, yeye anakwenda kumwona nyumbani siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Mvua inyeshe, matope yawe magotini, anakwenda, na Kaupa nyuma yake kabeba sanduku huku analalamika. Akifika anaomba kiazi kwanza, ndipo anaomba mtoto. Kinamama walimpenda. Nilikuwa nikiwasikia wakicheka naye ng'ambo ya mfereji, na mimi nalima kwa hasira.

Mwaka juzi Bomai akanipa mjukuu. Mke wake, Rosevita, ni msichana mpole, ukimwambia keti anaketi. Alijifungua salama kituo cha afya, akarudi siku ya pili na msichana tukamwita Gelua. Bilum ya Gelua niliisuka mwenyewe miezi minne, nyekundu na manjano, nyuzi zimebanana hata mbu asingepenya, na juu yake nikafunika kanga mbili za dukani. Nilisema safari hii hakuna jicho litakaloingia humu.

Siku ya tatu Skolastika akaja. Nilimkuta njiani kabla hajafika ua.

"Rosevita yuko mtoni," nikamwambia.

"Na mvua hii?"

"Anapenda maji."

Akanitazama, akatazama moshi unaotoka nyumbani kwangu, akacheka. "Haya Mama Bomai. Msalimie akitoka kuogelea. Siku ya saba nitarudi." Kaupa akauliza kama kuna kiazi. Nikamwambia viazi vililiwa na nguruwe wao.

Nilifurahi sana siku ile, nisiseme uongo. Nilijiona nimemweza.

Gelua alikuwa mtoto wa kusifiwa. Siku nne za kwanza alilia kama watoto wote, halafu akatulia. Siku ya tano akalala tangu asubuhi. Siku ya sita hakulia kabisa. Nikatembea kijijini na bilum kichwani, nikiwaambia watu, sikilizeni, mnasikia kitu? Hamsikii. Huyu kamfuata bibi yake. Mwanamke mmoja akaniambia wa kwake anamlilia usiku kucha, nikamwambia pole, wengine tumebarikiwa. Rosevita alinifuata nyuma nyuma akisema, "Mama, nimpe nyonyo." Nikamwambia mtoto aliyelala haamshwi, atanyonya akitaka.

Siku ya saba Skolastika alirudi kama alivyoahidi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara ya kwenda kituoni na mjini Kundiawa, gari hakuna. Aliingia hadi ndani, kalowa, akaketi karibu na moto wangu bila kukaribishwa. Bilum ilikuwa inaning'inia kwenye boriti.

"Leo sitaki kiazi," alisema. "Leo nianze na mtoto."

"Amelala."

"Ndivyo ninavyowapenda. Akilala ndiyo nahesabu vizuri."

"Skolastika, bilum hiyo hufungui. Mama yako alifungua ya mwanangu, na wewe unajua kilichofuata."

Ndiyo, nilisema. Miaka ishirini na nne sijalisema, nikalisema mbele ya Kaupa na sanduku lake. Skolastika hakukasirika. Aliweka mikono magotini.

"Ananyonyaje?" akauliza.

"Vizuri."

Hapo Rosevita akasimama. Yule msichana wa kuambiwa keti. Alipita mbele yangu, na mkwe hapiti hivyo mbele ya mama mkwe, akatungua bilum kwenye boriti.

"Nisamehe, mama," akasema. "Titi limenijaa tangu jana hadi linauma. Anashika, anavuta mara mbili, anaachia. Mimi naogopa." Akamwekea Skolastika bilum mapajani, akatupa kanga zangu mbili chini.

Skolastika akafungua mdomo wa bilum, akamvua Gelua kishati hadi kifuani, akainua saa yake. Na mimi nikaanza kusema. Nikasema habari za nguruwe. Akapoteza hesabu, akaanza upya. Nikasema habari za mama yake, kwamba anajifanya haoni siku hizi ila zamani aliona vizuri mno. Akaanza upya. Mara ya tatu nikamwambia Kaupa aondoe miguu kwenye kuni zangu. Nilimvuruga makusudi, mara zote tatu.

"Mama Bomai," Skolastika akasema polepole, bila kuinua macho, "ukinyamaza dakika moja tu, baada ya hapo nitukane hadi jioni. Njoo utazame mwenyewe. Usimtazame usoni. Tazama hapa."

Nikainama ili nipate la kumjibu. Nikaona mbavu za mjukuu wangu. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea ndani, chini ya mbavu, kikarudi, kikabonyea, haraka haraka. Na uso wake ulikuwa umetulia. Nilisikia moto unavyolia na mvua juu ya nyasi za paa, na sekunde za saa ile.

"Sabini na sita kwa dakika," akasema Skolastika. "Ikifika sitini tu, mimi silali."

Akamfinya wayo wa mguu. Mtoto mzima akifinywa wayo anaukunja na kukutukana kwa lugha yake. Gelua alisogeza vidole kidogo, basi. Kitovu kilikuwa chekundu kuzunguka, na kipimajoto kikatoa namba ambayo Skolastika alimwonyesha Kaupa, na Kaupa akafungua sanduku.

"Mama Bomai, mtoto huyu hajalala. Hana nguvu za kulia. Wadudu wameingia mwilini, na kwa mtoto mchanga hawangoji. Nampa sindano sasa hivi, halafu tuone njia ya kituo."

"Njia imezikwa," nikasema.

"Sindano haisubiri njia."

Ilibidi ampime kwanza, dawa inakwenda kwa uzito. Akatundika mizani kwenye boriti yangu, akatundika bilum kwenye ndoano, na Gelua ndani yake akining'inia kama kahawa ya kupeleka kwa mnunuzi. Siku nyingine ningesema maneno. Siku hiyo nilishika mizani isiyumbe. Halafu akanipa mguu wa mtoto nimshikie, paja lenyewe unene wa kidole gumba changu, akachoma. Gelua akakunja uso, sauti haikutoka. Rosevita alilia kwa niaba yake.

Bomai alikimbia kutazama barabara, akarudi na tope hadi kiunoni. Mlima bado unaporomoka, akasema, mtu mzima havuki, sembuse mwenye mtoto. Skolastika akapanda kileleni, pale penye mtandao wa simu, akaongea na muuguzi wa kituo. Aliporudi alikuwa na mambo yote kichwani. Sindano moja kila siku, siku saba. Dawa ya maji asubuhi na jioni. Maziwa yakamuliwe kwenye kikombe, anyweshwe kwa kijiko kidogo kidogo. Na alale kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto.

"Akikataa kunyonya kabisa, au akishikwa na degedege," alimwambia Bomai, "tunambeba, mlima uporomoke usiporomoke. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na ndani ya bilum?" nikauliza.

"Kwa sasa atoke humo, Mama Bomai. Nataka mtu amtazame kutwa kucha. Wewe una macho makali, kijiji kizima kinajua." Kaupa akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

Basi nikamfunga Gelua kifuani kwangu, zamu kwa zamu na mama yake, na nikajifunza kazi. Nilitazama kifua kile nikiwa nakula, nikiwa nachochea moto. Saa sikuwa nayo, lakini nilijua. Siku ya pili ya sindano hakikubadilika. Skolastika alikuja, akahesabu sabini na mbili, akachoma sindano, akala kiazi kimoja bila kufanya mzaha wowote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamuuliza, "Atapona?" Akasema, "Dawa inafanya kazi yake, sisi tufanye yetu. Mpe kijiko kingine." Nilimwambia Mungu anichukulie nguruwe wangu wote wanne, na shamba la kahawa pia.

Siku ya tatu, jua limetoka baada ya wiki nzima na zaidi, nilimfinya wayo Gelua kama nilivyoona kwa Skolastika. Akavuta mguu. Nikafinya tena, akavuta tena, kwa hasira. Nilimwita Rosevita kwa sauti hadi watu wa ng'ambo wakatoka nje. Akamweka kwenye titi, akavuta mara mbili, tatu, nne. Tulihesabu wote hadi kumi na moja kabla hajaachia. Bomai alitoka nje, akajifanya anarekebisha ua.

Skolastika alipofika alihesabu akapata hamsini na nane. Akafunga kishati cha mtoto, akauliza, "Viazi viko wapi?"

"Mtoto vipi?" nikamuuliza.

"Hamsini na nane, Mama Bomai. Leo naomba viwili."

Nilimpa vinne, na kipande cha nyama. Kaupa nikampa vitatu. Akaniambia nguruwe wake ananishukuru.

Lakini mimi sikuishia pale. Siku ya tano mtoto aliposikia sindano alifungua mdomo akapiga ukelele uliofukuza kuku kwenye ua. Wote walicheka. Nami nilicheka hadi machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe, kwa sababu nilikuwa namkumbuka yule mwingine. Alikuwa mtulivu vilevile. Nilitembea naye kijijini nikimsifu vilevile. Kifua chake sikukitazama hata mara moja, nilikuwa nimekifunika. Ila kuna mtu mmoja alikitazama.

Siku ya saba ya sindano, Skolastika alipomaliza na kuandika kwenye daftari lake, nikamwambia, "Nipeleke kwa mama yako."

"Unajua njia. Umeikwepa miaka mingi, huwezi kuwa umeisahau."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Nikamweka Gelua ndani ya bilum nyekundu na manjano, nikaiweka kichwani, tukavuka mfereji. Bibi Dilu alikuwa ameketi mlangoni akimenya maharage. Macho yake yameingia ukungu, anamjua mtu kwa hatua.

"Nani huyo na wewe?" akamuuliza binti yake. "Anakanyaga kama ana kesi na ardhi."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mama Bomai."

Mikono ikasimama kwenye maharage. Nikachuchumaa mbele yake.

"Siku ile ulipofungua bilum ya binti yangu," nikamuuliza, "uliona nini?"

Hakujifanya amesahau. "Niliona kifua kinabonyea ndani," alisema. "Wangu wawili walikwenda hivyo, kabla ya huyu Skolastika. Nilitaka kukuambia umkimbize kwa masista. Ukanirushia kiazi cha moto." Akagusa bega lake la kushoto. "Hapa. Kimetoka kwenye majivu, kina maganda."

"Kwa nini hukurudi kuniambia?"

"Nilirudi. Kesho yake asubuhi. Nikakuta mnalia."

Nilikaa chini kwenye udongo. Nikamwambia nimemwekea moyoni jambo la uongo miaka ishirini na nne, na kwamba naomba anisamehe, na kama hawezi nitamwelewa. Nililia mbele yao, sikuona aibu.

"Salamu ulizoninyima ni nyingi," akasema Dilu. "Zote hizo nitazisikiliza lini, na uzee huu? Nipe ya leo tu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Gelua hakupenda kimya chetu. Akaanza kulia humo ndani ya bilum, kilio cha njaa, cha mtu mwenye mapafu yake yote, na nguruwe mwenye sikio lililochanika akainuka kwenye kivuli akaenda zake.

"Na huyo anayepiga kelele ni nani?" Dilu akauliza.

"Mjukuu wangu."

Alifuta mikono kwenye nguo, akainyoosha mbele, kisha akairudisha mapajani. Hakuomba. Nikaitoa bilum kichwani, nikaiweka magotini pake, nikaifungua mdomo kwa mikono yangu miwili. Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya kifua cha Gelua.

"Mwangalie, mama," nikamwambia. "Mwangalie kwa muda wote unaotaka."